Mawe ya Jumapili

Mama, shikamoo. Huku milimani Albania baridi ya asubuhi ni kama ya kwetu Nambis mwezi wa saba, na watu wanakula mkate wa mahindi, kwa hiyo usinihurumie.

Unakumbuka mlivyojenga kanisa letu, kila mmoja akija Misa na jiwe lake? Hapa serikali ya kikomunisti ilibomoa kanisa na kukataza sala hata nyumbani. Serikali ile imeondoka, lakini wazee bado wanasali kwa kunong'ona. Nikawasimulia habari za mawe yetu. Wakarudia kunong'ona kwao.

Jumapili iliyofuata nikaweka ngata, nikajitwika jiwe kichwani, nikapita nalo katikati ya kijiji. Watoto walicheka sana. Bibi mmoja hakucheka. Aliniita zizini kwake, akanionyesha jiwe la mlangoni ambalo mbuzi wake wamelikanyaga miaka yote. Tulipoligeuza, upande wa chini ulikuwa na msalaba.

"Nililiokota walipobomoa," akasema, kwa sauti ambayo jirani aliisikia. "Nikalilaza kifudifudi wasilione."

Nilitaka kuleta toroli, akalikataa. Tulilibeba wawili hadi palipobomolewa kanisa, yeye huku na mimi kule, na majirani wakaanza kutoka, mmoja na jiwe, mwingine na jiwe.

Mama, ukienda Misa, liguse lile jiwe lako ulilolibeba ukiwa na mimba yangu, pale karibu na mlango. Limezaa huku.

Mwanao akupendaye,
Sista Paskalina