Chuma Ndani ya Muguu

Kisangani, Mangobo, mwezi wa sita 1958

Yaya Odile wangu,

Pokea salamu za mudogo wako Hilaire. Shemeji na watoto wanaamka muzuri? Kikohozi ya Claudine ilipita? Huku tuko wazima, na kazi yangu ya kutengeneza kinga, hizi baiskeli, haikosi: mutu analeta tairi asubuhi, jioni anarudi na ya pili. Muke wangu Angélique anakusalimia. Anasema pondu, majani ya muhogo ya kwenu Yanonge, haina mwenzake.

Barua yako ilifika na masua, ile meli ya mtoni, ya juma lililopita. Unasema mulisikia kwamba muguu wangu ulivunjika tena katika ngumi, na kwamba unakuja na tonton Évariste, fundi wa mifupa, aniunge mufupa. Kuku amekwisha kuchaguliwa, avunjwe muguu na kufungwa vijiti, ili siku atakapotembea na mimi nitembee. Asante, Yaya. Lakini ngoja nikuambie namna mambo yalivyokwenda, maana watu wa masua wanaongeza chumvi.

Unakumbuka ile camion, lori ya muchele, iliyorudi nyuma ikanibana kwenye ukuta wa karakana yangu, ukuta niliousimamisha mwenyewe bila musaada wa mutu. Dereva alisema nilikaa vibaya. Mimi, kwangu, nilikaa vibaya. Bon. Ku lopitalo, hospitali ya wazungu, walifungua muguu, wakakaza bamba la chuma juu ya mufupa kwa skrubu sita. Muda wote niliolala pale, Timothée, mwalimu wetu wa ngumi, hakukanyaga. Nilimupa ushindi mara tisa katika kumi na moja, na hata ndizi moja hakuleta.

Munganga wa lopitalo alipopiga foto ya mwisho ya mufupa, akasema mufupa umeshika, ninaweza kupigana. Nikaenda kwa Timothée. Akacheka mbele ya vijana, akasema yeye hanunui kinga iliyounganishwa, na kwamba nikianguka mtoni wasinitafute juu ya maji, wanitafute chini pamoja na nanga. Nilikimbia kila asubuhi mpaka maporomoko ya Wagenia na kurudi, nikaruka kamba, nikatoa kilo zote nilizoongeza kitandani. Mwishoni alinyamaza mwenyewe, akanipangia kupigana na Célestin.

Célestin ni kijana wa Isangi, anabeba magunia ku port. Kabla ya kengele alinishika mukono, akaniita yaya, akasema pole na muguu. Raundi ya kwanza nilimufunza. Watu waliimba jina langu, na Timothée alinipanguza jasho akisema kumbe chuma iko na akili. Raundi ya pili tukashikana, goti lake likagonga muguu wangu pale penye bamba. Nikakaa chini, nikaushika, nikalia. Watu wakamurukia Célestin wakimwita muuaji. Timothée akanibeba mugongoni mpaka lopitalo, na yeye analia.

Yaya, sasa sikia wewe peke yako. Muguu haukuuma. Ulikuwa muzima na uko muzima. Nilisikia kitu kidogo tu, kama spoku ikigonga fremu. Lakini mimi ni fundi. Najua fremu iliyounganishwa haivunjiki pale ilipounganishwa, inavunjika kando. Niliona kile kitanda cha lopitalo, niliona ukuta, na mwili ukakaa chini kabla sijauruhusu. Na mimi ndiye nilikuwa ninashinda. Munganga alipiga foto, akaitazama, akanitazama mimi, akasema nirudi kazini. Timothée anatangazia watu kwamba mufupa umevunjika, wazungu wanaficha.

Donc tonton Évariste asije. Vidole vyake vitajua. Na kuku mumuache atage.

Usiniambie nijaribu tena. Nilijaribu. Nilimuomba jirani yangu Amuri anisukume kidogo tu nyuma ya nyumba, na glavu, bila hasira. Akainua goti kwa bahati mbaya, nikajikuta nimekaa tena chini. Amuri aliomba musamaha sana. Ngumi imekwisha, Yaya, na si chuma iliyoimaliza.

Célestin naye aliacha ngumi. Kila siku ya Mungu analeta samaki, anakaa mulangoni, haangalii uso wangu. Angélique anawapika, mimi ninakula. Nikimuambia kweli, kesho Mangobo yote itajua, na nitakuwa Hilaire aliyekaa chini. Nisipomuambia, kijana atabeba ile kitu muda wote. Nimepiga hesabu kila upande. Haitoki.

Mbele ya watu lazima nichechemee. Juzi niliamka mapema kwenda kuchota maji. Hakuna mutu njiani, hata mbwa. Nilipofika kwenye bomba ndipo nikaona kwamba nilichechemea njia yote.

Salimia shemeji, ubusu watoto, na waambie majirani ninaendelea polepole. Ukimaliza kusoma, choma karatasi hii.

Mudogo wako asiyekusahau,

Hilaire