Nimemwekea Binti Yangu Alama za Mazoezi Asiyoyafanya

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba, barua hii nimeileta kwa mkono wangu maana Alhamisi inanijia mbio. Mimi ni fundi cherehani, na si kujisifu, mtaa huu hakuna sare ya shule isiyopita kwangu, na binti yangu wa miaka kumi na mitatu wenzake walimwita Umeme kwa mbio zake, hata wavulana walikuwa wakiona kisogo chake tu. Mwaka jana akapatikana na saratani ya damu. Dawa zinafanya kazi, daktari anasema, ila mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alinipa karatasi, kila siku mtoto atembee kidogo, ainuke kitini mara kumi, mimi niweke alama ya vema akishafanya. Siku ya kwanza aliinuka mara tatu miguu ikatetemeka, akalia, nikasema mgonjwa wangu hateswi hivi, nikambeba, na tangu hapo nambeba mwenyewe, msalani, bafuni, mezani, mgongo ninao, na ile karatasi nikawa naijaza vema kila jioni nisionekane mama mzembe.

Wiki sita sasa. Juzi nampima sketi, paja limepungua inchi mbili, na futi yangu haijawahi kunidanganya. Sketi nikaipunguza, jana tukaenda kliniki. Mtaalamu naye kaona vema zangu, kafurahi: "Mama, wewe ni mfano! Alhamisi tunampandisha ngazi."

Tukiwa njiani kurudi binti akaniambia, "Mama, akiniuliza nitasema nimefanya, nisikuaibishe. Lakini zile ngazi nitaanguka."

Mshauri, tusiende kliniki?

Mama Umeme

*

Mama Umeme, marahaba. Pole, na sasa nisikilize. Kliniki mnakwenda.

Mtoto umembeba kwa mapenzi, sibishi. Lakini dawa zinalegeza miguu, kukaa tu kunailegeza zaidi, na ndiyo maana akapewa yale mazoezi. Hakuwa anateswa, alikuwa anatibiwa, na wewe ukaificha dawa. Tena kuna lililonichoma zaidi: mtoto mgonjwa yuko tayari kuanguka ngazini ili akulinde wewe. Hapo nani mama?

Kabla hujakunja gazeti hili, mpigie simu yule mtaalamu, binti akiwa pembeni anasikia. Sema: "Vema zote nilijaza mimi, mtoto hakufanya." Usiongeze "lakini". Atakukasirikia, na ana haki. Mwache amalize, kisha mwombe ampime upya na ampangie mazoezi ya kuanzia chini kabisa. Ngazi zisubiri. Muulize pia siku zipi asifanye. Akiwa na homa, akitoka damu au akipata kizunguzungu, mpumzishe na umpigie daktari saa hiyohiyo.

Karatasi mpya mpe binti aijaze mwenyewe. Akifanya mara mbili aandike mbili, na wewe usinune.

Kisha sogeza kiti chako karibu na chake. Akitaka kuanguka, mdake. Akitetemeka tu, ikalie mikono yako, usimbebe.