Mchezaji wa Kumi na Tatu

Wirrapan,
14 Julai

Kwa mdogo wangu mpendwa Roslyn,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Murray, na kwamba vumbi la Kalgoorlie limeacha kumsumbua kifua. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi za klabu. Mvua ilinyesha vizuri baada ya kupanda, ngano imeota sawasawa, na bwana wangu Cliff anazunguka shambani mikono nyuma utadhani mkaguzi wa shule. Kondoo wanazaa. Yule mbwa wako mzee bado yupo, haoni wala hasikii, lakini saa ya chakula haimpiti.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Umeniuliza kwa nini Keeley hapokei simu zako, na kama ni kweli amekataa kwenda Melbourne kwenye majaribio ya timu ya wanawake ya ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia, yanayoanza tarehe mbili Agosti. Ni kweli. Amesema hatavaa tena viatu vya kuchezea mpira. Tangu mwezi wa sita yuko Mildura anachuma machungwa na kulala kwenye mabanda ya wachumaji, na mimi uliyenikabidhi mtoto nimebaki naangalia kitanda chake kilichotandikwa. Uliniambia nikueleze yote bila kukuficha. Nimechelewa kujibu kwa sababu hiyo hiyo.

Nianze na siku yenyewe, maana wewe uliisikia kwa simu tu, na kwa midomo ya watu.

Mashindano yetu ya wanawake yalikuwa Jumamosi ya pili ya Mei. Zilikuja timu nane, mechi zote siku moja, dakika kumi na tano kila kipindi, na wachezaji kumi na wawili uwanjani kwa kila timu, kwani siku hizi vijiji vyetu vikitoa zaidi ya hapo basi hata bibi wa posta itabidi avae jezi. Kanuni niliziandika mimi, kama nilivyoziandika miaka kumi na saba sasa. Unanijua. Cliff husema hata jokofu langu lina kanuni. Asubuhi ile niliwakusanya manahodha kwenye kibanda cha chai, nikawasomea moja baada ya moja, nao wakinywa chai yangu na kupiga miayo.

Ya tisa ilisema mchezaji wa akiba haingii mpaka anayetoka awe amevuka mstari wa chokaa kwenye lango la kubadilishia wachezaji, pale pembeni mwa uwanja, mbele ya msimamizi wa lango. Ya kumi ni ile ya tangu enzi za baba: nahodha akishuku kwamba wapinzani wamezidi, ana haki ya kumwomba mwamuzi asimamishe mchezo na kuhesabu vichwa. Wakikutwa wamezidi, pointi zao zote zinafutwa, hata wawe wamefunga magoli ishirini.

Jodie Krahe, nahodha wetu, aliniomba niipunguze makali. Alisema, “Glenda, dada yangu, sisi ni wakulima na manesi, si jeshi. Mtu akikosea hatua moja tunyang'anywe siku nzima? Wape wapinzani mpira wa adhabu, yaishe.” Nikamjibu kwamba kama hawajui kuhesabu mpaka kumi na mbili, wabaki nyumbani wacheze bingo. Watu wakacheka. Donna Pfeiffer, nahodha wa Lake Tolmer, alicheka kuliko wote, akasema yeye kuhesabu anajua sana, ana watoto sita. Nikajiona nimesema neno la maana.

Basi mwanao alicheza, Ros, laiti ungemwona. Mechi tatu za kwanza aliruka juu ya mabega ya watu na kuudaka mpira hewani kana kwamba ameuweka pale mwenyewe. Magari yaliyozunguka uwanja yalimpigia honi mpaka nikadhani betri zitakwisha. Kulikuwa na wanawake wawili kutoka Melbourne wenye madaftari, wamesimama karibu na sufuria la supu ya maboga, na kila mtu alijua wamekuja kutafuta nini. Baada ya mechi ya tatu mmoja wao alimwuliza Jodie jina la yule msichana mrefu. Nilisikia kwa masikio yangu. Sikuweza hata kumalizia mkate wangu wenye soseji.

Fainali ilikuwa sisi na Lake Tolmer. Mvua ya manyunyu, matope hadi magotini. Kipindi cha pili Jodie alimpumzisha Keeley kwa sababu ya paja. Ikafika dakika ya kumi na moja, tunaongoza ishirini na saba kwa ishirini, na mtoto bado ameketi benchi na blanketi mabegani. Ndipo Renae Schulz, jezi namba saba, alipoteguka kifundo na kuanza kuchechemea kuelekea langoni. Keeley akasimama kumpokea. Lakini Renae kabla hajafika mstarini, mpira ukadunda mbele yake, naye kwa ubishi wake akageuka na mguu wake mmoja akaufuata. Keeley alikuwa ameshaingia. Akaukuta mpira uleule ukitoka kwenye rundo la watu, akaupiga, ukapita katikati ya nguzo. Mwamuzi wa goli akapunga bendera zote mbili: goli halali, pointi sita. Thelathini na tatu kwa ishirini. Honi zililia zote kwa pamoja.

Donna hakuwa anatazama nguzo. Alikuwa ananyoosha kidole, midomo ikichezacheza. Akamfuata mwamuzi, akaomba hesabu.

Honi zilikufa. Wasichana wetu walipangwa mstari katikati ya uwanja, wamejaa tope, mvua inawachuruzikia, na mwamuzi akapita mbele yao taratibu akihesabu kwa kidole. Alipofika mwisho akarudia. Kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye kibanda cha chai, “Kumi na tatu.” Ubaoni wakaondoa namba zetu, wakaning'iniza sifuri. Dakika zilizobaki tulipata pointi moja.

Klabu yetu ilikata rufaa papo hapo. Kamati ya watu watatu ikakaa barazani, kombe likiwa mezani mbele yao, na Trevor Lubke ndiye mwenyekiti. Kulikuwa na swali moja tu. Mwishoni mwa kanuni ya tisa niliandika kwamba kama msimamizi wa lango ndiye aliyemruhusu mchezaji kuingia kimakosa, basi kosa ni la mashindano, si la timu, na pointi hazifutwi. Kwa hiyo Trevor aliuliza kama msimamizi alimruhusu. Msimamizi alijibu kwamba hapana, alikuwa anaandika, hakumwona msichana akiingia. Wakamwuliza Keeley. Keeley akasema aliingia mwenyewe. Yakaisha. Donna akabeba kombe.

Baada ya hapo mji ulimgeukia. Si wote, lakini walitosha. Jodie alimwambia mbele ya wenzake, “Uwanja una lango, mdogo wangu, si zizi la kondoo.” Mazoezini, kila alipotokea, wasichana walianza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu, halafu wanapiga makofi: “Haya, tumetimia!” Mwanzoni alicheka nao. Barua ya Melbourne ya kumwita kwenye majaribio ilipofika, mama yake Jodie alimwambia dukani kwamba wengine hupata zawadi kwa kuwaharibia wenzao. Siku ile alirudi nyumbani na mkate, akauweka mezani, akaenda chumbani kwake.

Kisha ukapiga simu wewe. Siku hiyo nilikuwa jikoni naosha vikombe, na sauti yako, unajua ilivyo, ilinifikia hata mimi. Ulimwambia ametuaibisha sote, kwamba baba angeona haya, na kwamba asithubutu kwenda Melbourne kabla hajasimama mbele ya timu nzima na kuwaomba radhi kwa uzembe wake. Yeye alisema “ndiyo, mama,” mara tatu. Nami niliendelea kuosha kikombe kimoja kilekile. Kesho yake akafunga begi.

Roslyn, sasa nakuomba ukae chini.

Msimamizi wa lango nilikuwa mimi.

Kanuni zangu mwenyewe zinasema msimamizi atoke klabu isiyocheza mechi hiyo. Aliyepangwa alikuwa Beryl kutoka Karook, lakini foleni ya pai ilikuwa ndefu, akaniomba nimshikie lango dakika tano akasaidie kibandani. Ningeweza kumwita mtu mwingine. Nilikaa kwa sababu pale ndipo pa karibu zaidi na uwanja, na nilitaka kumwona mtoto wetu. Nilipomwona bado yuko benchi na wale wanawake wa Melbourne wanaanza kukunja miavuli, nikawa roho juu. Renae alipoanza kuchechemea nilimwambia Keeley, “Ingia, ingia, keshatoka huyo!” Akasita. Akaniambia, “Mama mkubwa, bado hajavuka.” Nikamwambia mimi ndiye msimamizi, nikamsukuma mgongoni kwa kiganja changu. Hakuingia mwenyewe. Mimi nilimwingiza.

Nilipoulizwa pale barazani, nilimwona Donna, niliwaona watu wa Lake Tolmer, nikawaza watakavyosema: katibu wa mashindano kwa miaka kumi na saba, mpenda kanuni, anavunja kanuni zake mwenyewe kwa ajili ya mtoto wa mdogo wake. Nikasema nilikuwa naandika, sikumwona. Neno moja la kweli lingeturudishia pointi zote na kumwacha mtoto na jina lake. Alinitazama, Ros. Hakunitazama kwa hasira. Alinisubiri. Alipoona siongezi neno, akasema aliingia mwenyewe, na mimi nikayaandika maneno yake kwenye daftari la kamati kwa mwandiko wangu mzuri.

Wiki tisa nimekaa na jambo hili. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kanisani. Kila siku nilijiambia yatapoa. Waliokuwa wakihesabu mazoezini niliwasikia, na nilipita na ndoo yangu ya machungwa yaliyokatwa nikajifanya naangalia wavu wa uzio. Najichukia kwa hilo kuliko hata kwa ule uongo.

Jumapili iliyopita niliendesha gari hadi Mildura. Nilimkuta juu ya ngazi, amevaa ule mfuko wa kuchumia kifuani, mikono imechubuka. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha na kwamba nitasema kila kitu. Alishuka, akanipa chungwa, tukaketi juu ya kreti. Unajua aliniambia nini? Alisema, “Usiseme, mama mkubwa. Watakuondoa. Mimi nina mahali pengine pa kwenda, wewe una nini kingine zaidi ya yale mashindano?” Mtoto wa miaka kumi na tisa, Ros, amebeba aibu yangu mgongoni kwa sababu ananionea huruma. Nililia pale mbele ya wachumaji, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Leo asubuhi nimempelekea Trevor karatasi yenye jina langu, nimeeleza yote na kujiuzulu. Alikuna kichwa, akasema, “Glenda, kombe lishakwenda, watu washasahau, ya nini kuyafukua?” Nikamwambia Keeley hajasahau. Kesho karatasi hiyo itabandikwa kwenye ubao wa klabu, na Alhamisi nitasimama mbele ya timu yote kabla ya mazoezi. Jodie nimeshamwambia uso kwa uso. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Aliniambia tu kwamba ataenda Mildura mwenyewe mwishoni mwa wiki.

Lakini hata Jodie akienda, hata mji mzima ukipanga foleni kwenye hayo mabanda, mtoto hatatoka. Nilimwuliza kuhusu tarehe mbili Agosti. Alisema hawezi kwenda mahali ambapo mama yake anaona haya kumwona. Nilipomwambia kwamba wewe hukujua, alisema, “Mama hakuniuliza. Aliniambia tu.” Hilo nalo nimekusababishia mimi. Ungeuliza, na mimi ningekuwa na ujasiri wa kuitika jikoni pale, maneno yale yasingemtoka mdomoni mtu yeyote.

Namba ya simu ya banda nimekuandikia nyuma ya bahasha. Wanarudi kutoka shambani saa kumi na moja jioni kwa saa za huku. Najua ukifika mstari huu utataka kunipigia, na una haki ya kunitukana mpaka upoteze sauti, nitasikiliza yote. Ila tafadhali, sauti uliyo nayo sasa usiimalizie kwangu. Mpigie yeye kwanza.

Cliff anakusalimu, nimemwambia yote jana, naye akaacha chai yake ikapoa, kisha akaniuliza kama nataka anisindikize Alhamisi. Msalimie Murray, na majirani wako wanaonikumbuka. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako, ambaye hata neno hilo leo ameliandika kwa aibu,

Glenda