Uvimbe Nisiokuwa Nao

Mpendwa Bi Eddah, naomba unisaidie kabla sijamfanyia mume wangu jambo nitakalolijutia, maana tangu juzi nikimwona ameketi barazani anakunywa chai yake natamani kummwagia, na jina langu liandike vile lilivyo, Zubeda wa Kisauni, nimechoka kujificha.

Mwanangu wa kwanza, Riyadh, ni mpishi kwenye meli ya watalii inayopanda na kushuka pwani ya Norwe, na kampuni yake huwaruhusu wafanyakazi kuwaalika wazazi mara moja, basi mwezi wa Aprili akatualika mimi na babake, Shee, siku saba melini, na miye katika miaka thelathini ya ndoa sijawahi kupanda chombo na mume wangu isipokuwa feri ya Likoni. Nilikwenda, na sitakuongopea, nilifurahi. Huko mwezi huo theluji ndiyo kwanza yayeyuka, maji yateremka milimani kushoto na kulia, meli yapita katikati polepole, jua halina haraka ya kutua, na mume wangu ambaye hapa nyumbani hanishiki hata mkono barabarani akanifunga skafu shingoni yeye mwenyewe akasema, "Zubeda, utapata baridi." Riyadh alinipiga picha siku hiyo nimevaa koti jekundu, nacheka mpaka magego yaonekana.

Siku ya tatu meli ikafunga gati kwenye mji mmoja mdogo, simu yangu ikapata mtandao, na ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine, wa sauti, watu walia. Mwenyezi Mungu akuponye, Zubeda. Tumekusomea Yasin, Zubeda. Nikamwuliza Shee hawa wameambiwa nini, naye huku atafuna jibini akanijibu bila haya kwamba aliuambia msikiti mzima nimepelekwa ng'ambo kutibiwa uvimbe wa kizazi, kwa sababu tungesema twaenda kustarehe tungerudi na jicho la watu. Uvimbe, Bi Eddah. Hakuona ugonjwa mwingine ila wa kizazi changu, na yeye mwenyewe hakujizulia hata mafua.

Nikasema nitapiga simu sasa hivi niseme kweli, akaninyang'anya simu, akaniambia, "Tukirudi sema umepona. Kupona si aibu." Basi tukarudi nikapokewa kwa uji wa kila aina, wanawake wanishika mikono wanilaza kitandani, na miye nimerudi nimenenepa, nikanyamaza, na hivi sasa ni mwezi wa pili.

Sasa sikiliza kilichoniunguza. Binti yangu Ruwaida ameposwa na harusi ilikuwa iwe mwezi ujao, lakini juma lililopita mama wa kijana, Bi Mwanarehema, akaja na halwa, akaketi, akasema kwa upole kabisa, "Zubeda, maradhi haya yafuata damu. Mamangu yalimchukua. Nami kijana ni huyu mmoja, nataka wajukuu. Jambo hili tulipumzishe kidogo." Ruwaida yuwajua kila kitu lakini babake alimwapisha asiseme, siku ya sita leo yumo chumbani chakula hakigusi. Nikamwendea Shee nikamwambia nenda kwa watu hao ukaseme kweli, akasema yeye ni mtu wa kamati ya msikiti, hawezi kusimama mbele ya watu aliowaomba dua akajiita mwongo, na kijana akimtaka Ruwaida kweli atarudi. Wallahi nilikuwa nimeshika mwiko, nikautua.

Tena kuna jirani yangu Kafedha, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, nilipokuwa safarini alinifagilia uwanja, akampikia Ruwaida, akafunga na kuomba pamoja na wenzake wa kanisani, huyo naye kila siku aniuliza nilitibiwa hospitali gani, kwa kuwa mdogo wake Pascalia, wa Kiembeni, ana uvimbe wa kweli na alipangiwa siku ya kupasuliwa hapahapa Mombasa, siku ikafika asiende, asema angoja jina la hospitali iliyoniponya mimi bila kisu. Siku ya kwanza aliponiuliza nilibanwa, nikamjibu nilipewa vidonge. Lakini hayo ni madogo, nitayatengeneza. Ninalotaka kwako ni hili, nimwache mwanamume huyu, na posa ya mwanangu nitairudisha vipi?

Zubeda, Kisauni

Bi Eddah anajibu:

Zubeda, jina lililochapishwa hapo juu si lako, na ya wengine nimeyabadilisha pia. Ulitaka gazeti likusemee, wewe ubaki jikoni ukingoja watu wasome. Kazi hiyo sikufanyii. Una mdomo.

Nianze na mumeo, maana hasira yako nimeipokea nikaongezea na yangu. Mtu wa kukuonea huruma kwa baridi, na saa hiyohiyo huku nyumbani amekuacha midomoni mwa watu ukiwa mgonjwa wa kufa, huyo hana haya. Kama aliogopa jicho angenyamaza tu, watu husafiri kila siku bila kutangaza. Yeye alitaka starehe ya meli na dua za watu kwa pamoja. Ruhusa yake usiiombe. Mpe mpaka Ijumaa asimame palepale aliposimama kuomba dua, aseme aliongopa. Asiposimama, watu watakuwa wameshasikia kutoka kwako, na kamatini atajua mwenyewe pa kuuweka uso wake.

Lakini wewe nawe. Siku ya tatu ulishajua. Ulikuwa na siku nne zilizobaki melini na miezi miwili nyumbani, na uji wa watu uliunywa. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Posa umeieleza mpaka halwa aliyoleta Mwanarehema, kisha Pascalia ukampitia mbiombio na kusema hayo ni madogo. Madogo kwa nani? Huyo mwanamke ana uvimbe tumboni na ameiacha siku yake ya kupasuliwa ipite. Uongo wa msikitini ni wa Shee. Uongo wa vidonge ni wako, hakukulazimisha mtu, na huu wako ndio unaoweza kumzika mtu.

Kwa hiyo posa ingoje. Kesho kutwa utakwenda kwa Mwanarehema na mwanamke mkubwa wa ukoo wenu, na Ruwaida muwe naye, na kiapo alichoapishwa kufunika uongo mwambie kisimtishe. Mama huyo akishasikia kweli hataogopa tena damu yenu, ila huenda akaogopa ndimi zenu, na hapo sina la kumlaumu. Kumwacha mumeo au kukaa naye utaamua ukishamaliza kusafisha ulichochafua wewe.

Leo una kazi nyingine. Ukishamaliza kusoma hapa jifunge leso uende kwa Kafedha, usimwite kwako. Mwambie, sikuwa mgonjwa, nilikwenda kutembea, na vidonge nilivizua mimi. Usianze na mume wangu alisema. Atakalokujibu lipokee, na asipokusalimia mwaka mzima vumilia, kisha mwombe akupeleke kwa mdogo wake leo hii, jua lisitue.

Pascalia hatakuamini. Atadhani unamficha hiyo hospitali kwa uchoyo. Ndiyo maana uende na simu yako. Mtolee ile picha ya koti jekundu, umpe mkononi aitazame mpaka atosheke, umwambie, "Hospitali yangu ndiyo hii." Akishamaliza kulia, mshike mkono mkaombe tarehe mpya.