Kofi Lililopima Ngozi ya Béa

Nadège, mjukuu wangu,

Hapa Kasungami tuko wazima. Babu yako bado anabishana na redio. Unauliza tulipimaje ngozi iliyokakamaa kabla ya ekografia yako, hiyo mashine unayopimia wagonjwa.

Miaka ile wakubwa walipoitafuna nchi, ngozi ya mikono ya dada yangu Béa ilikakamaa, akashindwa kufinyanga tonge la bukari, ugali wetu, akala kwa kijiko. Mama mkwe wake akawaka: "Iko najifanya muzungu! Arudi kwao!"

Tukampeleka hospitali, mama mkwe akafuata. Mashine zilikuwa zimeporwa, hivyo daktari akapima kwa vidole: akamfinya Béa mkono bila kuomba. Béa akamzaba kofi.

"Mama," daktari alimwambia mama mkwe, akishika shavu, "huyu hana kiburi. Iko mugonjwa. Mukono yake iko kama ubao!"

Tangu siku ile mama mkwe alimfinyangia matonge mwenyewe, huku akifoka.

Mashine yako ni nzuri. Lakini omba ruhusa kwanza; shavu lako nalipenda.

Kambo yako, bibi yako