Nyumba Iliyo Ng'ambo ya Daraja

Malaba,
Alhamisi, 9 Novemba 1995

Mpendwa mdogo wangu Asio,

Yoga, mdogo wangu, kwa salamu yetu ya Kiteso. Pokea salamu za dada yako, nikitumaini zitakukuta umeamka vizuri wewe na watoto. Goti linaendeleaje? Baridi ya Nakuru haimhurumii mtu mwenye viungo vibovu, na wewe najua unainamia cherehani kutwa nzima bila kunyoosha mguu. Mtu akuwekee maji ya moto jioni, usione aibu kutumikiwa. Sisi huku tunapumua, Mungu anatushikilia.

Barua yako uliyoituma Tororo, kwa anwani aliyokupa shemeji yako, ilizunguka kidogo lakini imenifikia. Unauliza kama tumeizoea Uganda, kama nyumba ina nafasi, na kama unaweza kuja Krismasi uione. Nimeisoma mara nyingi na kila mara naikunja bila kujibu. Sasa tazama hapo juu nilipoandika mahali. Nimeandika Malaba, Asio, na ni Malaba ya Kenya. Hatujavuka. Yale mume wangu Ekwaro aliyokuandikia wakati wa Pasaka hayakuwa kweli, na mimi nilikuwa nimekaa karibu yake alipoyaandika. Nipe nafasi nianze mwanzo.

Unakumbuka alivyostaafu reli. Alitoka kwenye ugadi wa treni akiwa na afya, akiwa na saa waliyompa kama zawadi, akidhani sasa atapumzika. Halafu ukaja ule mwaka wa bei kupanda, unga leo bei hii, kesho nyingine, mpaka pensheni ikawa kama maji kwenye kikapu. Nakuru hatukuiweza tena. Kijijini kwao Moding nako, wakati yeye yuko kwenye treni, ndugu yake Barnabas alikuwa amewagawia wanawe shamba, na kipande chetu kilibaki kile cha mawe karibu na mto. Ekwaro hakutaka ugomvi. Aliniambia kwamba ng'ambo ya daraja watu wanaongea Kiteso kama sisi, ndizi na mkaa ni rahisi, na pesa ya mzee wa Kenya inaweza kumlisha huko mpaka Mungu amwite. Alisema sisi Wateso mpaka tulichorewa tu na watu ambao hawakutuuliza.

Basi tukapanga chumba hapa Malaba, kwenye ploti iliyo nyuma ya maegesho ya malori, tukae kidogo tu wakati anatafuta nyumba. Viti vyetu tulivipanga kimoja juu ya kingine mpaka darini. Masanduku hatukuyafungua. Kila asubuhi alivuka daraja, jioni akarudi na habari. Nyumba hii iko karibu na kinamasi, ile mwenyewe ni mlevi, nyingine haina choo cha kueleweka. Nami nikabaki nikisikiliza injini za malori yanayosubiri kupitishwa, moshi wa dizeli ukiingia mpaka kwenye sufuria. Nilikuwa nikipika nje mlangoni kama abiria aliyeshushwa njiani. Lakini nilivumilia, maana nilijua tunaondoka.

Na kweli aliipata. Akanichukua mwenyewe nikaione. Asio, ni nyumba ambayo ningekuchorea kama ningejua kuchora. Kuta imara, mabati mazima, ua mpana uliofagiwa, migomba nyuma, na upepo usio na dizeli. Mwenye nyumba ni mama mmoja mzee anaitwa Akurut, anakaa kwenye nyumba ndogo hapo hapo pamoja na wajukuu wake. Kodi aliyotaja ilikuwa ndogo hata nikaingiwa na wasiwasi. Wakati Ekwaro anakagua paa, nikamuuliza kwa nini anaitoa rahisi hivyo.

Hakuficha. Alinipeleka nyuma ya migomba akanionyesha makaburi ya watoto wake, wamelala kwa mstari. Akataja kilichowaua, akakitaja waziwazi kama mtu anayetaja malaria. Nilitazama nyuma kuona kama kuna mtu amesikia. Yeye akacheka kidogo, akaniambia, "Mama, huku kwetu tulinong'ona mpaka tukamaliza kuzika. Sasa tunasema. Mimi pesa sitafuti sana. Natafuta watu wazima wakae kwenye hii nyumba, ili siku nikienda watoto hawa wawe na mtu wa kumwita."

Nilirudi Malaba nikiwa na huzuni na furaha kwa pamoja. Sikuwahi kufikiri kwamba nchi inaweza kuwa rahisi kwa sababu kama hiyo. Hata hivyo nilipapenda, na Ekwaro akampa mama huyo mkono kwamba tutahamia mwezi unaofuata.

Kabla ya mwezi huo kwisha, Maurine akaja.

Alishuka kutoka Mombasa na begi moja. Nilimpita pale mlangoni nikitafuta ni nani aliyebisha, mpaka akaniita mama. Yule Maurine uliyemfundisha kushona, aliyekuwa analijaza gauni. Kiwanda cha nguo kilimwachisha kazi baada ya kuugua mara kwa mara. Nilimlaza kwenye kitanda chetu, na tangu siku hiyo mimi na baba yake tunalala chini, pazia katikati.

Ekwaro aliwaambia majirani ni taifodi. Kwako pia aliandika kwamba Maurine yuko Mombasa mzima. Kule Moding akapeleka habari kwamba sisi tumeshahamia Uganda, ili mtu yeyote asije kututembelea akaona. Hapo ndipo tulipojifungia, Asio. Soko la Amagoro siendi, maana siku ya soko wake wa Barnabas wako pale. Kanisa nimeacha. Nikienda kuteka maji najitanda leso usoni kama mwizi. Niko karibu na nyumbani kwa mume wangu na siwezi kwenda, niko karibu na nyumba yangu mpya na siwezi kwenda. Majirani wa ploti nao wameanza kuelewa. Jirani aliyekuwa akiazima sufuria yangu ameacha kuiomba, na watoto wake wanaitwa ndani tukitoka.

Utauliza kwa nini hatukuvuka naye tu. Kwanza Maurine mwenyewe alikataa. Alisema hatakwenda kufia kwenye nchi ya watu kisha azikwe nyuma ya migomba ya mtu asiyemjua. Nilipotaka tumrudishe Moding, baba yake akakataa, akasema Barnabas atamtangaza mpaka Adungosi. Na nilipomrudia juu ya kuvuka, akasema tungoje apone kwanza. Alisema hivyo kila siku. Kila asubuhi alivaa koti akavuka daraja, na sasa najua alikuwa akienda tu kukaa kwenye ua wa Akurut na kumwomba asiipangishe nyumba kwa mwingine. Sababu hakumwambia.

Lakini mama yule amezika wengi, si wa kuambiwa. Wiki iliyopita alivuka mwenyewe, na ndizi kichwani, akauliza chumba mpaka akatupata. Aliingia, akapita pazia bila kukaribishwa, akaketi kitandani karibu na Maurine na kumshika mguu. Akamuuliza, "Mwanangu, ni silimu?" Ndivyo wanavyoiita huko. Maurine akasema, "Ndiyo, mama. Walinipima Mombasa." Halafu akaanza kuongea, yeye ambaye kwetu alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa. Waliongea mpaka jua likapinda. Akurut alimweleza kwamba huko Tororo kuna wagonjwa wanaokutana, wanapika pamoja, na kuna muuguzi anayewatembelea na haogopi kuwagusa. Maurine akamuuliza jambo moja tu, kama akifa watamruhusu arudishwe kwao. Akurut akasema, "Nitatembea nyuma ya jeneza lako mimi mwenyewe mpaka Moding."

Baada ya hapo Maurine alikubali kuvuka. Aliyebaki ni baba yake.

Jana asubuhi nilimwambia Ekwaro kwamba Jumamosi navuka na mtoto wangu, aje au abaki. Sijawahi kumwambia mume wangu neno kama hilo tangu anioe. Akasema kwamba huko kila mtu anajua ile ni nyumba ya nini, na siku ya kwanza tu tutaulizwa, na yeye atajibu nini. Nikamwambia autaje ugonjwa kwa jina lake. Akasema basi yeye atabaki kulinda chumba.

Maurine alikuwa anasikia nyuma ya pazia. Akamwita. Akamwambia, "Baba, kama hutaki nivuke, nibebe unipeleke Moding mchana, watu wote wakiona. Lakini hapa usiniache tena."

Ekwaro alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akajifunika uso kwa mikono na kulia. Nilitoka nje nikamwachia binti yake. Niliporudi alikuwa ameshanyamaza, amemwekea mto mgongoni, na anamuuliza ataumia upande gani akikalishwa kwenye baiskeli. Maurine akasema upande wa kushoto, lakini baiskeli ikisukumwa polepole atavumilia. Baba yake akasema hatamwachia mtu wa boda boda, ataisukuma yeye mwenyewe mpaka ng'ambo.

Kwa hiyo mdogo wangu, Maurine wako ana ukimwi. Nimeliandika neno hilo, na wewe ndiwe mtu wa kwanza kulisoma kutoka kwangu. Hatapona, na mimi sijui tuna muda gani. Anakuulizia. Anasema wewe ndiye utakayejua kumpunguzia nguo zake bila kuziharibu, maana zote zinamvuka mabega.

Usingoje Krismasi. Ukiweza kupanda basi wiki ijayo, panda. Vuka daraja mchana, uliza nyumba ya mama Akurut, mtu yeyote atakuonyesha, na wakikuuliza unamfuata nani, sema unamfuata mgonjwa wako.

Wasalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina lake, uwaambie mama yao mkubwa anawapenda. Msalimie pia mchungaji wenu, umwombe atukumbuke kwenye maombi, na umtajie ugonjwa. Ekwaro anakusalimu na kukuomba radhi kwa ile barua ya Pasaka. Funga goti lako vizuri kabla ya safari.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Selpha Amuron