Aliyempiga Paa

Kambini, mchangani, nje ya Ibra
12 Novemba 2022

Dada yangu Wadha,

Shikamoo. Sukari yako vipi, na lile goti? Umesharudi kwa daktari au bado unamkimbia? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila mgongo unalalamika kwa kulala mahemani. Barua nampa dereva wa gari la maji, maana huku simu haishiki mpaka upande kilima, nami kilima sikiwezi tena.

Kazi nyingi. Wageni nawapokea Ibra, natoa upepo kidogo kwenye matairi gari lisizame, naingia nao mchangani siku mbili, ya tatu nawapeleka pwani ya Sur kuvua. Juzi bibi mmoja wa Kizungu alivuta nguru mrefu kuliko mjukuu wake, akalia kwa furaha. Miaka thelathini niliwaendesha wakubwa wa serikali, sikuona hata mmoja akilia kwa furaha.

Ila mwanao Azzan ananitia khofu. Kambi ni yake na mimi mwajiriwa wake, mpaka wangu naujua. Lakini wiki iliyopita wageni wawili walimwuliza mbele yangu, "Na kuwinda je?" Akacheka, "Kila kitu kinapatikana, mradi tujuane." Nilimvuta pembeni nikamwambia, paa ni marufuku, kila mtoto anajua. Akanijibu, "Mjomba, wewe angalia usukani."

Zungumza naye. Wewe anakusikiliza.

Mdogo wako,
Aflah


Nizwa
25 Novemba 2022

Mdogo wangu Aflah,

Marahaba. Sukari imeshuka kidogo, goti ni lile lile. Nimempa dereva tende na pilipili ya kusaga, usiwape wageni, kula wewe. Na mgongo upake mafuta ya moto.

Azzan alikuja Ijumaa, nikamwuliza. Akaniwekea mkono kichwani, "Mama, Mjomba anazeeka, kila kitu anaona kosa. Yale yalikuwa maneno ya kuwachekesha wageni." Wallahi nimemwamini. Na wewe mwamini. Unajua nimempata baada ya mimba tatu kuharibika, na baba yake kafa kaniachia angali mdogo. Sasa amesimama, ana kambi yake, watu wanamtaja. Usimvunje moyo.

Dada yako,
Wadha


Ibra
13 Januari 2023

Dada,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, moyo sio.

Sijui Azzan amekwambiaje, basi sikia na kwangu. Jana alfajiri alitoka na wageni watatu kwa gari lake, mimi nikabaki nakunja mahema. Walirudi jua limeshapanda, wanacheka, wana sanduku la barafu limezungushwa utepe. Azzan akaniambia, "Nyama ya mbuzi wa jana hiyo. Itie garini mwako, uwapeleke wageni Sur." Nilijua mbuzi wa jana tumemla wote. Nilijua, Dada, nikaendesha.

Njiani tukasimamishwa na askari wa wanyamapori. Wakakata utepe. Chini ya barafu paa jike, amechunwa, miguu bado ina kwato. Azzan alikuwa nyuma yetu, akashuka. Askari akauliza, "Nani kapiga?" Wageni wakasema wao waliambiwa nyama ya mbuzi. Azzan akatazama chini. "Mimi mwenye kambi tu," akasema. "Mwongozaji ni huyu."

Huyu. Hata Mjomba hakuniita.

Wageni wameachiwa, leo wamepanda ndege. Bunduki haijaonekana. Jumapili tunaitwa kuandika maelezo, nami nitasema nilichokiona. Sikutaka ukisikie kwa mtu mwengine.

Mdogo wako,
Aflah


Nizwa
14 Januari 2023

Aflah, mdogo wangu, roho yangu,

Salamu nyingi. Usiniulize khali. Tangu jana sijatia kitu mdomoni. Barua hii anakuletea dereva wa teksi, nimemwambia akupe mkononi.

Azzan yuko hapa, analia kama mtoto. Ni yeye aliyepiga, ameniambia. Akifungwa yeye, kambi inakufa, na jina lake linakufa. Ana miaka thelathini na moja, hajaoa. Nani atampa binti yake? Wewe umeshastaafu. Mkeo Allah amrehemu, mtoto huna. Nani atakayekusubiri mlangoni? Sisemi kwa ubaya, nasema ilivyo.

Mama alipokufa ulikuwa na miaka sita. Nilikubeba mgongoni na mimi mwenyewe msichana wa kumi na tatu. Maisha yangu yote sijakuomba kitu. Leo nakuomba. Sema ni wewe. Nitakuja kukuona kila wiki, na Azzan atakuja, ameapa kwa Mungu.

Dada yako,
Wadha


Gerezani
3 Septemba 2023

Dada Wadha,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na joto hili? Mimi mzima. Chakula chao hakina chumvi, labda ndiyo afya.

Ulikuja mara mbili, mwezi wa pili na wa tatu. Kila Jumatatu, siku ya wageni, navaa mapema nakaa kitandani mpaka muda upite. Najua safari ni ndefu na goti linakuuma. Sikulaumu, naeleza tu.

Wenzangu huku wananiita Mwindaji. Mimi ambaye kila Idi namwachia mtu mwengine achinje. Mmoja aliniuliza juzi, "Mzee, ulipata raha gani kumpiga paa jike?" Nikageukia ukutani.

Azzan hajaja hata siku moja. Mwambie sina ninachokitaka kwake. Aje anitazame usoni tu, kisha aondoke.

Mdogo wako,
Aflah


Nizwa
28 Septemba 2024

Mdogo wangu Aflah,

Salaam aleikum. Khabari za Sur? Nasikia umepanga chumba karibu na bandari. Najua tangu Januari uko nje na sijakuandikia. Kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito. Sukari imepanda tena.

Nina khabari. Azzan amechumbia. Binti anaitwa Tufool, wa Samail, mwalimu, mtoto wa Badar, watu wenye dini na heshima zao. Harusi ni tarehe kumi na nane Oktoba.

Sasa, mdogo wangu, nakuomba usinikasirikie. Wenzetu wa Samail wamesikia kuna mtu katika ukoo aliyefungwa. Azzan amewaambia ni jamaa wa mbali. Ukija, utakaa upande wa wajomba, watauliza. Basi siku ile usije. Mambo yakitulia nitakupikia mwenyewe, tule sisi wawili.

Dada yako,
Wadha


Sur
6 Oktoba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na sukari. Mimi mzima. Leseni ya kuongoza wageni nimenyang'anywa, kwa hiyo nawasafishia samaki watalii wa watu wengine. Mikono inanuka lakini nalala vizuri.

Barua yako niliisoma nimesimama. Jamaa wa mbali.

Siku mbili baadaye mlango ukabishwa. Mtu mzima, kanzu safi, anasema anaitwa Badar, wa Samail. Alishauliza akaambiwa mjomba wa bwana harusi ni mimi. Nilimtilia kahawa. Akasema, "Sheikh, mimi nina binti huyu mmoja. Mjomba ni mzazi. Niambie, kijana wenu mtu wa namna gani?"

Nikamwongezea kahawa. Nilikufikiria wewe, wallahi. Nilitaka kusema mtu mzuri. Mara ya kwanza niliposema uwongo kwa ajili ya mwanao, paa alikuwa keshakufa, hakudhurika mtu ila mimi. Sasa kuna binti hai, na baba yake kakaa mbele yangu ananitazama mdomo.

Nikamwambia yote. Hakuninyanyulia sauti. Aliuliza moja tu, "Na mama yake alijua?"

Nikamwambia alijua.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, najua kwa nini.

Mdogo wako,
Aflah


Nizwa
15 Oktoba 2024

Aflah,

Harusi haipo. Wamerudisha kila kitu, mpaka sahani za halwa. Tufool alimpigia simu Azzan mwenyewe, hakusema zaidi ya dakika moja. Azzan hajatoka chumbani siku nne.

Ulichosema ni kweli, herufi kwa herufi. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta uwongo ndani yake, sikuupata.

Lakini mimi ni mama yake. Usije Nizwa, na usiniandikie.

Wadha